Soseji na Viazi Katika Trei Moja

Mwezi wa Julai, jua linapozama upande wa Mau, baridi ya Nakuru huingia nyumbani bila kubisha hodi, na hapo ndipo ninapokumbuka kwamba jiko langu la gesi lina oveni. Miezi mingine yote oveni hiyo huwa kabati la sufuria. Basi kazi ya kwanza ya mlo huu ni kuzitoa sufuria na kuziweka juu ya friji. Ya pili ni kuuinua kidogo mtungi wa kilo 13 ili nijue kama gesi iliyobaki itanifikisha.

Mara ya kwanza nilipoupika nilikuwa nimewaalika shemeji zangu wawili, na kwa kuogopa kwamba chakula hakingetosha niliijaza trei hadi viazi vikapandana. Baada ya dakika 40 nilifungua mlango wa oveni, mvuke ukanifunika miwani, na nilipoifuta nikaona viazi vyeupe, karoti zilizolegea na soseji za rangi ya kijivu zikiogelea katika maji yake. Shemeji mkubwa, ambaye ni mtu wa adabu, aliuliza kwa upole kama unga upo ndani ya nyumba. Tulisonga ugali.

Kosa halikuwa la oveni wala la soseji, bali la nafasi. Mboga zina maji mengi, na maji hayo yasipopata pa kutokea hugeuka mvuke katikati ya vipande, kikawa chakula cha kuchemshwa badala ya kuokwa. Kipande chochote hakiwezi kugeuka rangi ya kahawia kikiwa kingali kimelowa, kwa kuwa rangi ile, pamoja na harufu yake, huanza kuja vizuri joto la juu ya kipande linapofika nyuzi 140 hivi, na maji hayawezi kufika huko. Tangu siku hiyo, trei yangu moja hubeba chakula cha watu wanne tu, kila kipande kikiona chuma chini yake. Wageni wakizidi, natumia trei mbili na kuzibadilishana nafasi katikati ya upishi.

Viazi hununua sokoni, vya Molo vinapopatikana, kilo moja kwa nusu kilo ya soseji. Mama anayeniuzia aliwahi kunionya alipokuwa akinipimia: "Hivi ni Shangi, dadangu. Usiviinjike kisha uende kuongea na jirani." Ni kweli, Shangi huiva upesi na kuvunjika upesi. Hata hivyo mimi huvichemsha kidogo kwanza, katika maji yenye chumvi, vikiwa vimekatwa vipande vya ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, hadi ncha ya kisu iingie pembeni lakini igome katikati. Sitaji dakika kwa makusudi. Hapa tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo muda wa dada yangu aliyeko Mombasa hautanifaa, wala wangu hautamfaa. Nikishamwaga maji, hufunika sufuria na kuitikisa mara tatu au nne ili viazi vichubuke juu, kwa sababu unga ule uliochubuka ndio utakaokauka na kuwa ganda la kuvunjika mdomoni.

Oveni nayo inapaswa kuwa imewaka robo saa, ikiwa na joto la nyuzi 220. Viazi na karoti hutangulia kwa dakika 20, vikiwa vimepakwa mafuta, chumvi, pilipili manga na vijiti viwili vya rosmari ninavyokata kwenye ua. Kisha hufuata soseji, vitunguu vilivyokatwa vipande vinne vinne na hoho, ambazo zikitangulia na viazi huungua kabla ya wenzake kuiva. Soseji ziwe zimeyeyuka barafu kabisa na kupanguswa. Wapo wanaozidunga kwa uma ili zisipasuke. Mimi sizidungi, maana ule mtoboko huruhusu mafuta na utamu kukimbia mapema na kuiacha nyama kavu. Afadhali moja ipasuke. Baada ya dakika 25, huku nikizigeuza mara moja, huwa zimeiva hadi katikati, ila ni vyema kukata moja na kutazama: nyama isiwe na wekundu wa ubichi. Anayetumia smoki azitie dakika kumi za mwisho tu, kwani hizo zimekwisha kupikwa kiwandani na zinahitaji moto wa kuzibabua.

Ninaandaa na kachumbari yenye ndimu nyingi, ambayo hukata yale mafuta. Kitunguu saumu sikitii hadi dakika tano za mwisho, kwa kuwa kikiungua huwa kichungu na kuchafua kila kitu.

Siku hizi shemeji mkubwa haulizi unga. Hungoja watu wapakue, kisha huivuta trei upande wake, akachukua kijiko na kukwangua vile vipande vya viazi na vitunguu vilivyogandia pembeni, huku akidai kwamba ananisaidia kuosha vyombo.