Karatasi ya wodini

Mashine ya kukunja mabati ilinibana mkono wa kulia pale Changamwe, Mombasa, Machi 2021. Vidole havikukatika, ila viwili vilipondeka mifupa na mpaka leo havikunjiki.

Kesho yake jioni wodini alikuja kijana mwenye shati safi na faili kwapani. Hakuwa na mgonjwa wake. Alipita kitanda baada ya kitanda akiuliza, "Wewe umeumia kazini?" Kwangu akaketi, akanipa pole, kisha akatoa karatasi ya kumruhusu wakili fulani anishtakie kiwanda. "Weka sahihi tu, ndugu yangu, twende kotini moja kwa moja. Sasa hivi hulipi kitu." Chini kabisa, kwa herufi ndogo, waliandika kuwa theluthi ya fidia ni yao. Nilikuwa nimeshashika kalamu kwa mkono wa kushoto mzee mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi alipoingia na chupa ya uji.

"Mwanangu, hiyo ya nini?"

Aliisoma yote amesimama. Akamwambia yule kijana kwamba Mahakama ya Juu ilikwisha amua Desemba 2019: dai la kuumia kazini linaanzia kwa Mkurugenzi wa usalama na afya kazini, si kotini. Kijana alichukua karatasi yake akahamia kitanda cha jirani yangu, aliyepondwa mguu bandarini. Hasira ile haijanitoka. Mtu bado ana dripu mkononi, wewe unamtafutia sahihi!

Mzee alinifuatilia fomu kiwandani, maana mwajiri ana siku 7 tu za kuripoti ajali. Sehemu moja akajaza mwajiri, nyingine daktari. Wakili hakuhitajika, wala sikutoa hata shilingi. Afisa wa leba alinipigia hesabu mbele yangu: ulemavu kamili ni mshahara wa miezi 96, nawe unapata asilimia aliyoandika daktari. Mshahara wangu ulikuwa 25,000, daktari akaandika asilimia 12. Shilingi 288,000.

Kiwanda kikaja na daktari wake. Asilimia 5, yaani 120,000, na barua iliyojaa vifungu vya sheria nisivyovielewa.

"Hapa sasa tafuta wakili," mzee akasema. "Lakini umtafute wewe, asikutafute yeye."

Nilimpata mama mmoja mjini, tukapatana ada kwa maandishi. Kitu cha kwanza alichoniambia ni nifunge vifungo vya shati langu. Alinitazama nikihangaika mpaka cha tatu, akaandika. Halafu akanipeleka kwa daktari wa mifupa, aliyepima kila kidole kwa kirula cha kupimia pembe: kinakunja mpaka wapi, kinakwama wapi. Vipimo hivyo ndivyo alivyoambatisha wakili kwenye majibu yake, na Mkurugenzi akabaki na asilimia 12. Mimi peke yangu nisingejua hata kwamba vidole hupimwa hivyo.

Bima ililipa. Muda si mrefu nikakutana na yule jirani wa wodini, anatembelea gongo. Yeye alitia sahihi. Kesi yake ilipelekwa kotini ikatupwa, kwa kuwa haikuanzia panapostahili, na wakili hashiki tena simu. Dai lina miezi 12 tangu ajali, na lake lilikuwa limebakiza wiki chache. Asubuhi iliyofuata tulipanda matatu pamoja hadi ofisi ya leba.