Mzee Birling na zile shilingi mbili na peni sita

Leo nimerudi kwa Arthur Birling, tajiri wa kiwanda katika tamthilia An Inspector Calls ya J. B. Priestley. Kwangu mimi yeye huwaanika matajiri kuliko Inspekta, anayekuja kuihoji familia kuhusu kifo cha msichana Eva Smith, na hotuba yake ya moto na damu.

Tazama miaka. Tamthilia iliigizwa mara ya kwanza 1945, lakini karamu ya Birling ni ya 1912. Mzee ameshiba, biri kubwa mkononi, anawahakikishia vijana kwamba vita havitakuwepo na kwamba Titanic haiwezi kuzama. Waliokaa ukumbini wameviona vita viwili. Kinaya hicho hakihitaji mtu wa kumbishia. Kwa hiyo anapofika kwenye fundisho lake, kwamba kila mtu ajiangalie yeye na wa kwake, keshapoteza imani ya hadhira. Kengele ya mlango inamkatiza papo hapo.

Halafu kuna hesabu. Wasichana wa kiwandani walilipwa shilingi 22 na peni 6 kwa wiki, wakaomba 25. Nyongeza yenyewe ni moja ya tisa ya ujira (shilingi ya Uingereza wakati huo ilikuwa peni 12). Wakanyimwa, wakagoma, wakashindwa. Wengi walirudishwa kwa malipo yaleyale. Viongozi wanne watano, Eva Smith akiwamo, wakafukuzwa. Birling anayaeleza haya kama mtu anayetaja bei ya sukari.

Hapo ndipo waigizaji wengi humharibu. Wanamtunisha kitambi, anafoka, watu wanacheka, na dhambi inabaki ya mpumbavu mmoja. Achezwe kama baba mkarimu, sauti ya chini hadi aulizwe asilolipenda. Tarakimu zile azitamke taratibu, zisikike mpaka viti vya nyuma. Taa nazo: mwandishi anaagiza mwanga wa waridi, kisha mkali zaidi Inspekta anapoingia. Ukianza na mkali, umeshamhukumu mzee kabla hajafungua kinywa.

Bintiye Sheila anasema waziwazi kwamba wasichana wale ni watu, si nguvukazi rahisi. Maneno yana uzito kwa kuwa naye, kwa wivu tu, alimfukuzisha Eva katika duka alikoajiriwa baadaye. Akichezwa kama malaika, uzito huo unapotea.

Mwishoni Birling anaamini Inspekta alikuwa wa bandia. Anawacheka watoto wake: wanajifanya wajuaji, na mzaha hawaujui. Simu inalia.