Mguu wa R

Mwaka 2014 binti yangu alikuwa mguu wa R.

Naanza na hilo kwa sababu kwa majuma matatu nyumbani kwetu Ng'ambo hapakuwa na habari nyingine. Kilele cha Mbio za Mwenge wa Uhuru mwaka ule kilikuwa kwetu Tabora, Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, Oktoba 14, siku ya kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Watoto wa shule za msingi wakachukuliwa kwenda kufanya halaiki, na wangu akiwemo. Alikuwa darasa la nne. Kila jioni anarudi miguu imekuwa myeupe kwa vumbi mpaka magotini, sauti imekauka, na bado hajachoka. Anamlaza mdogo wake kwenye mkeka, anamfanya herufi, anapiga filimbi ya mdomo. Akiosha vyombo anakariri yale maneno ya Mwalimu ya kuuweka mwenge juu ya Mlima Kilimanjaro, ulete tumaini, ulete upendo, na akifika kwenye "heshima palipojaa dharau" anaifoka ile "dharau" usoni kwa mdogo wake mpaka mtoto analia.

Akanipa maelekezo kama mtu anayemtuma mgeni mjini. Kuna mahali watoto wataandika UHURU kwa miili yao. R ina mgongo, ina kichwa, ina mguu. Mgongo na kichwa wanajipanga filimbi ya kwanza. Mguu wanatoka mwisho, mbio, filimbi ya pili.

"Mama, usinitafute sura. Tumevaa sawa wote. Tafuta mguu."

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Yeye aliondoka na walimu wake gizani. Mimi niliwaamsha mdogo wangu wa kiume na kijana wangu wa miaka minne saa 11 alfajiri, nikafunga chupa ya chai na karanga, tukaondoka. Anayeijua Tabora ya Oktoba anajua kwa nini watu wanawahi. Mvua bado, ardhi imechomeka, na ikifika saa 4 kila mwembe wa njiani umeshapata ukoo wa watu chini yake. Ila mimi kivuli sikukitaka. Nilitaka mguu.

Foleni ya ukaguzi ilikuwa ndefu, Rais Kikwete alikuwa anakuja. Tulipoingia nikatazama uwanja mzima na sikuamini macho yangu. Upande wa jukwaa kuu watu walikuwa wameshaanza kujaa, lakini upande wa pili, ng'ambo kabisa, palikuwa peupe. Mbele hakuna mtu. Nikatandika kanga, nikakaa, nikanyoosha miguu. Nikamwambia mdogo wangu, "Unaona faida ya kuamka mapema? Watu wa mji huu hawajui kutafuta mahali."

Karibu yetu alikuwepo mzee mmoja na redio yake ndogo ya mkononi. Akaniacha ninywe chai mpaka nimalize. Kisha akauliza, "Una mtoto kwenye halaiki?"

"Ndiyo, baba. Yumo kwenye herufi."

"Basi hapa utamwona kisogo."

Nikamtazama.

"Halaiki inamtazama mgeni rasmi, mwanangu. Gwaride linamtazama mgeni rasmi. Kila kitu leo kinamtazama yeye. Ukikaa huku unaona migongo, na herufi utazisoma kichwa chini miguu juu. Mimi sina mtoto humo, nimefuata upepo." Akaendelea, maana alikuwa na nafasi: kwamba mwenge wa kwanza alipandisha Luteni Alexander Nyirenda mpaka kileleni Kilimanjaro, uhuru ulipopatikana, Desemba 1961; kwamba baridi ya kule si ya mchezo. Mimi nilikuwa nimeshakunja kanga. Sikumuaga vizuri hata yule mzee, na alikuwa ndiye mtu pekee aliyenisaidia asubuhi ile.

Tukazunguka. Robo saa ya kuzunguka uwanja na mtoto mgongoni, na katika robo saa hiyo upande mzuri ulikuwa umeshiba. Kulikuwa na sehemu iliyoinuka kidogo, kushoto kwa jukwaa, na pale ndipo kila mzazi mwenye akili alipokuwa amejibana. Safu sita, saba, mabega kwa mabega. Mdogo wangu akaokota tofali la saruji lililovunjika nusu, akalikumbatia. "Hili litatusaidia," akasema. Tatizo lilikuwa kufika.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka najifunika kanga usoni. Nikaanza kusukuma taratibu, huku nasema kwa sauti ya unyonge, "Samahani jamani. Samahani kaka. Namfuata mama yangu, yuko pale mbele. Samahani dada, mama yangu yuko mbele, ni mtu mzima, yuko peke yake."

Mama yangu mzazi saa ile alikuwa Nzega, amekaa uani kwake.

Watu wa Tabora mtaje mama tu. Wakafunguka. Mmoja anamwambia mwenzake, "Mpishe huyu, mama yake yuko mbele." Mwingine anampokea mtoto, anamvusha juu ya vichwa. Mtu na kaka yake na tofali lake wakapita safu sita bila kusikia hata neno baya. Nilidhani nikifika mbele nitajichanganya na mambo yataishia hapo. Lakini habari ilikuwa imenitangulia. Nilipofika safu ya pili jamaa mmoja mwenye kofia ya balaghashia akageuka na kuwaangalia waliokaa, akatafuta, akamwona bibi mmoja kwenye kigoda, peke yake, kajitanda kitenge.

"Bibi! Mwanao huyu hapa. Amekutafuta."

Bibi akageuka. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye lile tofali. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

"Haya," akasema. "Umechelewa, mwanangu."

Akasogeza kigoda chake kidogo ili nipate pa kusimama.

Sikujua niseme nini, nikamsalimu: "Mwangaluka." Akaitika, "Mwangaluka," kana kwamba tuliachana jana. Akafungua kitambaa, ndani mna matobolwa na karanga, akampa mwanangu kipande cha tobolwa. Mtoto akaanza kutafuna pale pale bila kuuliza huyu ni nani. Viazi vile vikichemshwa na kukaushwa vinakuwa vigumu kama kamba ya kiatu, kwa hiyo nilijua kwa nusu saa ijayo nitapata amani.

Ungefikiri mtu aliyesitiriwa namna ile angetulia. Sivyo. Bendi ilipoanza na gwaride kuingia, waliokuwa mbele yetu wakainuka, na wakiinuka wa mbele hakuna anayebaki chini. Mdogo wangu akapanda juu ya tofali, mwanangu nikampandisha mabegani mwake, mimi nikasimama ubavuni. Tulikuwa ukuta. Sikugeuka nyuma hata mara moja. Nilikuwa natazama buti zikishuka pamoja, na nilikuwa nahesabu moyoni: baada ya gwaride hotuba ndogo, kisha halaiki.

Yule jamaa wa balaghashia ndiye aliyenishika bega.

"Dada, nikuulize. Mama yako anaona nini?"

Nikageuka. Bibi alikuwa bado kwenye kigoda chake, mikono magotini, anatazama mgongo wa gauni langu. Wala hakuwa amenuna. Alikuwa ametulia kama mtu aliyezoea.

"Tumekupisha kwa ajili ya mama," jamaa akasema, na sauti aliipandisha wengine wasikie. "Umefika, umemziba. Mama mzazi!"

Nyuma yake wakadakia. "Ndio watoto wa siku hizi." "Shusha huyo mtoto!" "Tofali mpe mama!" Mwanamke mmoja akasema la kuchoma zaidi kwa sababu alilisema polepole: "Mimi wangu amefariki. Ningemweka mabegani."

Ningejiteteaje? Nikisema si mama yangu, nimejivua nguo mbele ya safu sita. Nikabaki nimefungua mdomo. Bibi akanyoosha mkono akamgusa yule jamaa gotini. "Mwacheni. Hata mimi nilikuwa na watoto, najua." Kisha akaniambia mimi, chini kwa chini, kama siri: "Mwalimu alipokuja hapa kwenye ule mkutano wa kura tatu, nilikuwa mfupi hivi. Watu walimiminika. Sauti niliisikia, ila yeye sikumwona. Niliona migongo tu."

Mkutano wa kura tatu ni ule wa TANU wa Januari 1958, ambao Mwalimu aliwashawishi wenzake wakubali kuingia uchaguzi wenye masharti mabaya, kila mpiga kura ampigie Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na ambao sisi wa Tabora tunajivunia kama vile tuliitisha sisi. Nimeusoma shuleni, nimeujibia mtihani. Sikuwahi kufikiria kuwa kulikuwa na kitoto nyuma ya umati kinachotazama migongo.

"Una mtu kwenye halaiki, bibi?"

"Mjukuu. Yumo kwenye U."

"U ipi? Ziko tatu."

Akafikiri. "Yeye kasema U tu."

Mdogo wangu akashuka kwenye tofali bila kuambiwa. Tukaliweka sawa, tukalikandamiza kwa mguu lisicheze, tukamshika bibi huku na huku akapanda. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea. Mkono mmoja akauweka begani kwangu, na ili usipande juu sana ikabidi nipige magoti kidogo. Mwisho nikaona bora nikae chini kabisa, kwenye kigoda chake, ashike kichwa changu. Mwanangu nikampakata. Mbele yangu sasa kulikuwa na suruali ya mtu, ya kaki, yenye doa la mafuta ya alizeti au ya nini sijui kwenye mfuko wa nyuma. Hiyo ndiyo halaiki niliyoiona mimi.

Filimbi ikalia. Uwanja ukafanya ule mguno wa watu wengi wanaovuta pumzi pamoja.

"Wanakimbia," bibi akasema. "Wamekuwa wengi, kama kumbikumbi. Herufi ndiyo ipi? Mimi sikusoma, mwanangu."

Nikajikuta natafuta maneno. "U ni kama sufuria, bibi. Sufuria isiyo na mfuniko."

"Naiona sufuria." Vidole vyake vikabana kichwa changu. "Kuna kitu kama kitanda kimesimama. Halafu sufuria nyingine."

"Kitanda ndiyo H. Baada ya sufuria ya pili kuna nini?"

"Hapajaeleweka."

"R ni mtu amesimama wima, amebeba furushi kifuani, ametanguliza mguu mmoja."

Kimya. Suruali ya kaki ikasogea, ikarudi. Nilitamani niinuke, nilikuwa na haki ya kuinuka, nilijiambia, mtoto ni wangu na nimeamka saa 11. Lakini mkono ulikuwa kichwani, na ningeinuka angeanguka.

"Mtu namwona," bibi akasema. "Furushi namwona nalo. Mguu hana."

Filimbi ya pili.

"Sasa?"

"Hana. Ngoja." Akacheka ghafla, kicheko cha msichana. "Ametoa! Ametoa mguu, mwanangu! Umechelewa, ila umetoka, mrefu kabisa! Unatetemeka pale mwishoni!"

Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga kwa mikono ya mwanangu, maana yangu ilikuwa imemshika. Sufuria zote tatu bibi alizipigia vigelegele moja moja, ili mjukuu asikose lake.

Mwenge wenyewe ulipoingia ilikuwa zogo tupu, kila mtu juu ya mwenzake. Nadhani niliona moshi. Hotuba sikuzisikia vizuri. Jua lilikuwa limeshafika utosini, na yule mwanamke aliyesema wake amefariki alituletea maji bila neno, akampa bibi kwanza.

Tulipotawanyika jamaa wa balaghashia aliniaga kwa heshima kidogo tu. "Mfikishe mama nyumbani," akasema. Nikamfikisha. Kumbe kwake ni Isevya, na jirani aliyemleta asubuhi alikuwa anamtafuta getini. Njiani hakuniuliza kwa nini nilidanganya. Aliniuliza mama yangu yuko wapi. Nikasema Nzega. Akasema, "Msalimie. Mwambie nilikutunza."

Binti yangu alifika jioni, vumbi mpaka kwenye kope, amebeba viatu mkononi. Hakusalimu hata.

"Mama, uliniona?"

Mdogo wangu alinitazama, akainamia sahani yake.

"Nilikuona. Ulikuwa mwishoni kabisa mwa mguu, unatetemeka."

Akakaa chini palepale mlangoni. "Tulichelewa kutoka," akasema. "Wa mbele yangu alianguka."

"Kidogo tu," nikamwambia. "Njoo unawe."