Mnavu unanisafishia kiwanja, alizeti imenipotezea msimu

Kila niliyemuuliza kuhusu udongo wenye metali nzito alikuwa na jibu lilelile: panda alizeti, itanyonya kila kitu, hata Chernobyl, kulikolipuka kinu cha nyuklia, waliitumia. Kweli waliitumia, miaka ya 1990, lakini ilielea bwawani, mizizi ikiwa majini, ikinasa sesiamu na strontiamu zenye mionzi. Mimi nilikuwa na mfinyanzi mkavu.

Na kiwanja changu kilikuwa na maradhi mawili. Kwenye kona moja zilipasuliwa betri za magari, kwa hiyo pale ni metali ya risasi. Kwingineko yalirundikwa mabati chakavu, na maabara ikakuta zinki pamoja na kadmiamu, metali yenye sumu.

Alizeti ya kwenye kona ilistawi, vichwa vikawa kama sinia. Nikapeleka majani kupimwa, risasi ikaonekana, nikaanza kutamba. Fundi wa maabara akaniuliza: "Uliyaosha?" Nikaona ananitafutia sababu. Akalishika jani akalielekeza kwenye mwanga: vinyweleo vyake vilikuwa vimeshika vumbi laini la udongo. Tukaosha majani ya mashina yaleyale, tukapima tena, na risasi karibu yote ikapotea! Kumbe nilikuwa najivunia vumbi. Risasi hung'ang'ania mfinyanzi na mboji, na ile kidogo inayoingia kwenye mmea huishia mizizini.

Mshauri mwingine akaja na EDTA, kemikali inayozishika metali na kuzibandua kwenye udongo: mwagia, risasi italegea, mmea utaivuta. Sawa, lakini mvua ikinyesha kabla mmea haujaivuta, risasi hiyo iliyolegea inakwenda wapi kama si chini, kwenye maji ya kisima? Nilikataa. Kona ile nimeitia mbolea ya fosfeti na kuifunika kwa nyasi nene. Risasi bado ipo, ila imefungwa na haipeperuki.

Kwingineko ndiko nilikofaulu, na kwa magugu ya bure. Mnavu, huuhuu watu wanaouchuma kama mboga, ni hodari wa kukusanya kadmiamu kwenye majani. Niliuacha ujiotee, nikautunza kama zao. Majirani walicheka. Wengine walinihimiza nitie chokaa, ushauri mzuri kwa anayetaka kulima chakula haraka, maana chokaa huifunga kadmiamu. Mimi nilitaka itoke, kwa hiyo nilitumia mbolea ya salfeti ya amonia: inanenepesha mmea na kuongeza asidi kidogo, kadmiamu ikalegea. Usizidishe, mvua itaishusha.

Kuvuna ni wakati wa maua. Ukingoja matunda, ndege watakusaidia kusambaza. Na ujanja ninaojisifia ni huu: kausha juu ya turubai, chini ya paa. Majani yakikauka hupukutika, na ndiyo yenye mzigo. Yakiangukia shambani umerudisha ulichotoa. Kishona nguo nacho hukusanya kadmiamu, lakini mbegu zake hushika suruali, utazibeba hadi sebuleni, kwa hiyo nakikata mapema.

Anayekuahidi udongo safi kwa msimu mmoja mpe hesabu hii. Sentimita 20 za juu za hekta moja ni udongo wa tani kama 2,500, kwa hiyo kupunguza kadmiamu miligramu 1 kwa kila kilo ya udongo ni kutoa kilo 2.5. Ukivuna tani 5 za majani makavu yenye miligramu 50 kwa kilo, umetoa gramu 250 tu. Ni mavuno kumi, na hayo ni kama mmea hauchoki. Vipimo vyangu vinashuka polepole, lakini vinashuka.

Mbegu hazikunigharimu kitu. Fedha ziliishia maabara. Usumbufu uliobaki ni magunia ya majani makavu: hayafai mboji, hayafai kuni, mbuzi wasiyaguse. Mimi nayafunga na kuyapeleka wanakopokea taka zenye sumu. Na mnavu ukichipua, ulinde, maana wenye vikapu vya mboga huwahi kuamka kuliko wewe.