Kadi ya 3Com iliyong'ang'ania waya wa zamani

Baba mdogo alinikabidhi kompyuta yake ya kizamani ya 486, yenye hesabu za duka lake la vipuri za miaka mingi, akaniomba nizihamishie kwenye kompyuta mpakato. Flopi zake zilikuwa zimeota ukungu, kwa hiyo njia iliyobaki ilikuwa mtandao, na katika boksi langu la makorokoro mlikuwa na kadi moja kuukuu ya mtandao ambayo sikuwahi kuichunguza.

Kuitambua hakukunisumbua. Ukingo wake wa shaba ulikuwa na sehemu mbili zilizotenganishwa na pengo, jambo lililonionyesha kuwa ni kadi ya ISA ya biti 16, aina ya zamani ya kadi za kuchomeka, wala si PCI iliyokuja baadaye, na juu ya ubao palichapishwa 3C509B, toleo la kampuni ya 3Com ambayo Robert Metcalfe, mmoja wa waliobuni Etheneti (mfumo wa kuunganisha kompyuta kwa waya), aliianzisha pamoja na wenzake mwaka 1979. Kibandiko chake kilionyesha anwani ya MAC, namba ya utambulisho wa kadi ya mtandao, inayoanza na 00A024, na tarakimu hizo 6 za mwanzo, ambazo kila mtengenezaji hupewa zake, ndizo ninazoziamini kuliko boksi, kwa sababu maboksi hubadilishwa. Nyuma yake kulikuwa na matundu matatu: RJ45 ya waya wa mtandao wa siku hizi, BNC ya duara kwa waya wa koaksi wa mitandao ya zamani, na AUI ya pini 15 ya kuunganishia kifaa cha nje.

Matundu hayo matatu yalinipotezea jioni nzima. Nilisugua shaba kwa kifutio cha penseli, nikaichomeka kadi, nikaiunganisha kwa RJ45 na swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta za mtandao, lakini taa haikuwaka. Nilibadilisha waya, kisha nikaanza kuishuku swichi yenyewe, maana kadi hii huenda kwa Mbps 10 (megabiti 10 kwa sekunde) tu na baadhi ya vifaa vya siku hizi havishuki hadi hapo. Kumbe swichi ilikuwa inasingiziwa. Kadi ya 3C509B haipangwi kwa jampa, vile vifuniko vidogo vya kuunganisha pini. Kila kitu huandikwa katika EEPROM, kumbukumbu ndogo ambayo haifutiki umeme ukizimwa, na aliyeitumia kabla yangu alikuwa ameiagiza itumie BNC.

Niliwasha kompyuta kwa DOS tupu, mfumo endeshi wa zamani wa kuandika amri, nikaendesha programu ya kupangia kadi hii, 3C5X9CFG, nayo ikanionyesha anwani ya I/O 300 (mahali prosesa inapowasiliana na kadi), IRQ 3 (njia ambayo kifaa huitumia kuiita prosesa) na waya wa koaksi. IRQ 3 kwa kawaida ni ya COM2, tundu la pili la siriali, na katika mashine hii COM2 ilikuwa na modemu, kwa hiyo hata waya ungekuwa sahihi vingegombana. Nikaihamishia IRQ 10, nikazima Plug and Play (kujipanga kwa kadi yenyewe), nikachagua RJ45, nikahifadhi, kisha nikazima mashine kabisa badala ya kuiwasha upya tu. Ilipowaka tena, taa ya kijani ikatokea.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi. Nilipakia draiva ya kadi kwa amri ya 3C5X9PD 0x60, ambapo 0x60 ni namba ambayo programu huitumia kuiita draiva, nikaandika PACKETINT 0x60 katika faili la mipangilio la mTCP, kifurushi cha programu za mtandao za DOS, nikaelekeza MTCPCFG, kigezo cha DOS kinachoiambia mTCP faili lilipo, kwenye faili hilo, na programu yake ya DHCP, ya kuomba anwani ya mtandao, ikaipata kutoka kwenye ruta. Namba hizo mbili za 0x60 lazima zilingane. Mimi mara ya kwanza niliandika 0x61 kwa usingizi.

Hesabu zote zilihama kwa FTP, njia ya kuhamisha mafaili kupitia mtandao, kabla chai haijapoa. Kadi nimeiacha mlemle, na kwenye bamba lake la nyuma nimebandika kikaratasi: 300, IRQ 10, RJ45.