Rola za waya, nyumba nne

Rola ya waya ina mita 100. Ukienda dukani hapa Singida ukaomba wakukatie mita kumi na tano tu, bei ya mita inapanda mpaka unajuta kuuliza. Mimi ni fundi umeme wa majumbani, na kwa nilivyoona, kinachowashinda wengi vijijini kuingiza umeme ndani ni hiyo rola.

Januari 2025 marais walipokutana Dar es Salaam kuzungumzia nishati, nilikuwa juu ya dari la mtu, redio ya simu ikinong'ona mfukoni. Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika zinataka watu milioni 300 wa kusini mwa Sahara wapate umeme ifikapo 2030. Tanzania ilikuwa kati ya nchi 12 za mwanzo kuwasilisha mipango yake. Nilifurahi, sikatai.

Siku chache baadaye nikaitwa kwa bibi mmoja, njia ya kwenda Babati. Nguzo iko hatua thelathini kutoka mlangoni kwake. Kuunganishiwa kijijini ni shilingi 27,000, na alikuwa nazo, kazifunga kwenye pindo la kitenge. Lakini huwezi kuunganishiwa kwenye kuta tupu. Lazima nyaya ziwe zimetandazwa, soketi zipo, waya wa ethi, wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, umezikwa, na mkandarasi mwenye leseni kaweka sahihi.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "ile nguzo hunisalimia kila asubuhi, ila ndani haiingii."

Kuna kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari, kwa nyumba ndogo, hakihitaji kutandaza nyaya. Yeye ana vyumba vitatu na banda la kuku, na la kuku hakutaka likose taa. (Vicheche, alisema. Nikanyamaza.)

Waliomwokoa ni wenzake wa kikoba. Kina mama wanne, yeye akiwa mmoja wao, wakachanga, wakanunua rola nzima nzima, ya milimita za mraba 1.5 kwa taa na ya 2.5 kwa soketi, nikazigawa nyumba nne. Nauli ya bodaboda nikalipa mara moja badala ya mara nne, kwa hiyo na ufundi nikawapunguzia. Deni la kikoba watarudisha alizeti ikiuzwa. Nani aanze kutandaziwa nyaya? Hapo walibishana jioni nzima, sikuingilia.

Nikirudi mjini huwa naitazama minara ya laini ya kilovolti 400, ile inayotoka Isinya, Kenya, kupitia Arusha na Babati hadi hapa kwetu, zaidi ya kilomita 500. Kenya nayo imeunganishwa na Ethiopia, kutoka Wolaita kule Ethiopia hadi Suswa. Maji ya Ethiopia, mvuke wa ardhini wa Olkaria kule Kenya, bwawa letu la Rufiji lenye megawati 2,115: mmoja akipungukiwa, jirani ana cha kumuuzia. Kina mama wa rola wangewaelewa wahandisi wa laini hizo bila mkalimani.

Ila ningepewa dakika moja kwenye ule mkutano ningeuliza: nyaya za ndani analipa nani? Maana hesabu za wakubwa huishia kwenye mita ya umeme.

Bibi sasa ananunua Luku, umeme wa kulipia kabla, ya elfu moja, na kwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, inamvusha mwezi. Jikoni bado ni kuni na mafiga. Nilipomtajia jiko la umeme alicheka, akauliza kama ugali wa mtama utatoka na ukoko.