Jenerali Francis Ogolla, hatujakusahau

Kila Aprili ikifika namkumbuka Jenerali Ogolla, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi ya Kenya. Tarehe 18 Aprili 2024 helikopta ya jeshi ilianguka Elgeyo Marakwet, ikamchukua yeye na wanajeshi wenzake 9. Alikuwa amekwenda Bonde la Ufa kuwatembelea askari na kukagua ukarabati wa shule zilizofungwa kwa sababu ya ujambazi. Mkuu wa Majeshi mzima, shule za vijijini! Hilo linanigusa mpaka leo.

Aliingia jeshini 1984, akawa rubani wa ndege za kivita, akapanda ngazi hadi juu kabisa. Lakini mazishi yake Siaya ndiyo yaliyonifunza alikuwa mtu wa namna gani. Alishausia mapema: azikwe upesi, bila jeneza. Jumapili ya tarehe 21 akazikwa vivyo hivyo. Tuliokuwa tukitazama kwenye runinga tulinyamaza. Kwetu maiti hukaa mochari wiki nzima na zaidi, michango ikizunguka, familia ikiingia madeni. Yeye, aliyestahili kila fahari, alikataa fahari. Mama yangu alisema pale pale, "Mimi pia mnizike hivyo."

Pumzika, Jenerali. Na wale 9 pia, wapumzike kwa amani.